Breki za Mbele za Gari la Zamani la Magurudumu Manne: Ulinganisho wa Njia Nne za Kuziboresha

Gari la zamani linaloendeshwa kwa magurudumu manne liliundiwa breki za siku zake, yaani breki za tairi nyembamba, mwendo wa wastani na mzigo ambao kiwanda kiliukadiria. Mwenye gari hilo leo mara nyingi amelifunga tairi kubwa zaidi, amelipandisha juu kwa springi ndefu, ameliongezea bampa ya chuma, winchi na tangi la pili la mafuta, kisha analiingiza katika barabara kuu ambako magari mapya yaliyo mbele yake husimama kwa umbali mfupi kuliko lake. Hapo ndipo anapoanza kuuliza breki za mbele ziboreshwe vipi, na majibu anayopewa hutofautiana, kwa kuwa kila fundi hujibu kutokana na gari alilolitengeneza yeye.

Makala haya yanalinganisha njia nne. Ya kwanza ni kurejesha breki zilizopo katika hali yake ya kiwandani. Ya pili ni kubakiza kalipa zilezile (vibanio vyenye pistoni vinavyozibana pedi dhidi ya diski inayozunguka na gurudumu) na kubadilisha vile vinavyosuguana na vinavyopitisha shinikizo: pedi, diski, mipira (mabomba laini yanayofikisha mafuta kwenye kalipa) na mafuta ya breki. Ya tatu ni kuhamishia kwenye ekseli ya zamani breki za gari la baadaye la ukoo uleule, ikiwa ni pamoja na kuondoa dramu (breki za ngoma, ambamo viatu hutanuka na kusugua kwa ndani) na kuweka diski. Ya nne ni kununua seti kamili ya breki kubwa, yenye kalipa za pistoni nyingi na vishikizo vyake maalumu. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo bora kwa kila gari, kwa sababu kila moja hutibu ugonjwa wake.

Ugonjwa kwanza, dawa baadaye

Kuna malalamiko matatu ambayo watu huyaita kwa jina moja, kwamba breki ni mbovu, ilhali chanzo chake ni tofauti kabisa. La kwanza ni la pedali inayozama au iliyo laini kama sponji. Hilo huashiria hewa kwenye mfumo, mipira inayovimba, masta silinda (pampu ya pedali inayosukuma mafuta ya breki) iliyochoka ndani, au dramu ambazo hazijarekebishwa. La pili ni la pedali iliyo ngumu kama jiwe huku gari likiendelea kuteleza mbele; hapo hushukiwa busta (chombo kinachousaidia mguu kukanyaga) iliyotoboka, pampu ya upepo iliyochoka kwenye gari la dizeli, pistoni zilizoshika kutu, au pedi zilizopakaa mafuta. La tatu ni la gari linalosimama vizuri mara ya kwanza na ya pili, lakini likishuka mlima mrefu breki hufifia. Hilo la tatu ni la joto, na ndilo pekee ambalo vyuma vikubwa zaidi hulitibu moja kwa moja.

Kipo kipimo kimoja cha kawaida kinachosaidia sana kwa gari lisilo na ABS, yaani mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame wakati wa breki. Mahali pakavu, pagumu, tambarare na pasipo watu wala magari, kanyaga breki kwa nguvu ukiwa katika mwendo mdogo. Ikiwa magurudumu ya mbele yanafunga, yaani yanaacha kuzunguka huku gari bado likienda, breki zako tayari zina nguvu kuliko mshiko wa tairi katika mwendo ule, na kuongeza nguvu zaidi hakutafupisha umbali wa kusimama kwa mara moja. Utakachopata kwa breki kubwa ni uwezo wa kubeba joto na pedali isiyochosha mguu, na hayo ni manufaa ya kweli, lakini si yale ambayo wengi hudhani wanayanunua.

Vigezo vya ulinganisho

Kila njia hapa chini inapimwa kwa vigezo vilevile vitano: uwezo wa kubeba na kutoa joto, nguvu inayopatikana kwa mkanyago uleule, uwiano wa mbele na nyuma, tabia ya breki katika matope, vumbi na maji, na mwisho ukubwa wa kazi yenyewe, pamoja na urahisi wa kupata vipuri gari likiharibika mbali na nyumbani. Kigezo cha kwanza na cha tatu vinahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndivyo vinavyopuuzwa.

Kuhusu joto, breki hazifanyi lolote zaidi ya kuugeuza mwendo kuwa moto. Gari la kilo 2,000 linalosimama kutoka kilomita 80 kwa saa hutoa takriban kilojuli 490 za nishati. Lipakie hadi kilo 2,600 na ulisimamishe kutoka kilomita 100 kwa saa, nishati inafikia karibu kilojuli 1,000, yaani maradufu, ingawa dereva anaona ameongeza mwendo na mzigo kidogo tu. Uzito wa gari huegemea mbele wakati wa kufunga breki, hivyo tuchukulie kwamba magurudumu ya mbele yanabeba asilimia 70 ya kazi. Katika ule mfano wa kwanza, kila diski ya mbele yenye kilo 6 za chuma itapanda joto kwa takriban nyuzi 63 za Selsiasi kwa kusimama mara moja. Diski ya kilo 9 itapanda kwa nyuzi 42 tu. Sasa fikiria mteremko: gari lilelile la kilo 2,000 likishuka mita 300 za wima huachilia takriban megajuli 5.9, sawa na kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa mara 12 mfululizo. Kama injini haisaidii na hewa haiondoi kitu, hesabu hiyohiyo ingeifikisha ile diski ya kilo 6 kwenye nyuzi zaidi ya 700. Ndiyo maana diski yenye nafasi ya kupitisha hewa katikati ni kitu tofauti na diski bapa, hata kama kipenyo chao ni kimoja, na ndiyo maana kushuka kwa gia ya chini kunabaki kuwa sehemu ya mfumo wa breki wa gari lolote zito.

Kuhusu uwiano, breki za mbele na za nyuma hupangwa kiwandani ili za mbele zifunge kwanza. Za nyuma zikitangulia, gari hutaka kugeuka mkia mbele. Za mbele zikizidishwa mno, hufunga mapema kwenye changarawe au utelezi, na gurudumu lililofunga halikati kona hata usukani ukizungushwa hadi mwisho. Magari mengi ya aina hii yana valvu ya mzigo inayounganishwa kwa mkono wa chuma kati ya chesi na ekseli ya nyuma. Gari likiwa tupu na chesi ikiwa juu, valvu hupunguza shinikizo la nyuma. Ukilipandisha gari kwa springi ndefu bila kurekebisha mkono huo, valvu itaamini daima kwamba gari ni tupu, na breki za nyuma zitafanya kazi nusunusu hata likiwa limejaa mzigo. Nimekuta magari yaliyokwisha kununuliwa breki kubwa za mbele ilhali tatizo lilikuwa mkono huo tu, na dawa yake ilikuwa kuurekebisha.

Njia ya kwanza: kurejesha hali ya kiwandani

Njia hii hudharauliwa kwa sababu haina kitu kipya cha kuonyesha, nami nadhani dharau hiyo si ya haki. Dereva wa gari lenye umri wa miaka thelathini au arobaini huenda hajawahi kuzijua breki zake zikiwa nzima. Kurejesha maana yake ni kufungua kalipa, kubadilisha sili (mipira ya kuzuia uvujaji) na pistoni zenye kutu, kulainisha pini zinazoteleza, kuweka diski mpya pale zilizopo zimepita unene wa chini ulioandikwa kwenye diski yenyewe, kubadilisha mipira yote, kukagua mabomba ya chuma, kupima busta, na kuweka mafuta mapya.

Kwa upande wa joto, hupati zaidi ya ulichopewa na kiwanda. Lakini diski mpya ina chuma zaidi kuliko iliyolika, na kalipa isiyokwama haiachi pedi ikisugua barabara nzima. Nguvu ya mkanyago hurudi ilipokuwa, na katika gari lililochoka tofauti huonekana tangu kona ya kwanza. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani umevimba hadi kuziba, ukipitisha shinikizo kuelekea kwenye kalipa na kukataa kulirudisha. Gari huvuta upande mmoja, na mwenyewe hulaumu kalipa. Uwiano unabaki ule uliokokotolewa na wahandisi, na hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayoweza kuahidi hivyo bila kupimwa upya.

Katika magari yenye ekseli nzima ya mbele, kazi hii hufungamana na nyingine. Diski nyingi za zamani zimefungwa nyuma ya habu (kitovu cha gurudumu), hivyo kuitoa diski ni kuitoa habu, na kuitoa habu ni kuzifikia beringi na sili. Sili ya ndani ya ekseli ikivuja, mafuta ya difu huchanganyika na grisi ya kichwa cha ekseli na hatimaye hufika kwenye pedi. Pedi iliyolowa mafuta haioshwi ikapona. Hubadilishwa, tena pande zote mbili. Kwa hiyo panga beringi, sili na breki zifanywe siku moja.

Magari yenye dramu mbele yanastahili kauli yao. Dramu iliyorekebishwa vizuri ina nguvu ya kushangaza, kwa kuwa kiatu kinachoelekea upande wa mzunguko hujikaza chenyewe dhidi ya dramu. Baadhi ya dramu za mbele zina viatu viwili vya namna hiyo, na hizo ni kali mwendo wa mbele lakini dhaifu sana gari likirudi nyuma, jambo ambalo mtu hulitambua injini ikizima katikati ya mlima mkali. Zaidi ya hayo, dramu ikipata moto hupanuka na kukimbia viatu, na ikiingia maji huyashikilia. Marejesho hayabadilishi maumbile hayo.

Njia hii inamfaa mwenye gari ambalo halijaongezewa uzito wala tairi kubwa, anayethamini uasilia wake, au anayeenda mbali mahali ambapo spea za kawaida ndizo pekee zinazopatikana.

Njia ya pili: pedi, diski, mipira na mafuta bora

Hapa kalipa hazibadiliki. Kinachobadilika ni ubora wa vinavyosuguana na wa njia ya shinikizo. Pedi nyingi huwa na herufi mbili zilizopigwa ubavuni, kama EE, FF au GG. Herufi ya kwanza huonyesha kiwango cha msuguano katika joto la kawaida, ya pili katika joto kali: E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Mtu anayetoka kwenye pedi ya EE kwenda FF anaweza kupata ongezeko kubwa la nguvu kwa mkanyago uleule bila kugusa spana nyingine yoyote, na akiona herufi ya pili iko chini ya ya kwanza ajue pedi hiyo hupoteza mshiko inapochemka. Pedi za mashindano hazifai kabisa kwa matumizi ya kawaida, kwani nyingi hazishiki hadi zipate moto, na asubuhi ya baridi gari hilo litapita alama ya kusimama.

Diski zenye mifereji usoni husaidia kufagia matope, maji na gesi ya pedi iliyochemka. Zenye matundu yaliyotobolewa huvutia macho, lakini kila tundu limepunguza chuma cha kubebea joto na limeacha mahali pa ufa kuanzia, na katika matope mazito hujaa. Kwa gari zito la kazi ngumu ningechagua diski nzima ya ubora mzuri, au ya mifereji, kabla ya ya matundu.

Mipira iliyofumwa kwa nyuzi za chuma haivimbi kama ya kawaida, hivyo pedali huwa thabiti zaidi chini ya mguu. Haiongezi nguvu ya breki yenyewe, huondoa ulegevu. Faida yake kubwa kwa gari lililopandishwa ni urefu: mpira wa kiwandani ukivutwa hadi mwisho wakati ekseli inaning'inia, huweza kukatika. Upungufu wake ni kwamba mchanga ukiingia kati ya nyuzi huweza kusaga mpira taratibu bila kuonekana, kwa hiyo chagua yenye gamba la plastiki juu yake na uikague.

Mafuta ya breki ndiyo sehemu nafuu kuliko zote na ndiyo inayosahaulika zaidi. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi 205, lakini yakisha kunyonya unyevu kipimo hushuka hadi 140; DOT 4 ni 230 na 155; DOT 5.1 ni 260 na 180. Hiyo ndiyo sababu ya pedali kuzama ghafla mwisho wa mteremko: mafuta ya zamani yamechemka ndani ya kalipa na kuzaa mvuke, na mvuke hubanwa kirahisi. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 huchangamana, DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nayo kamwe, japo jina lake linafanana na 5.1.

Katika uwiano, njia hii huongeza kidogo upande wa mbele, na mara nyingi ndani ya mipaka salama. Kazi ni ya siku moja au mbili, na anayejuta anaweza kurudisha pedi za awali. Inamfaa dereva ambaye kipimo kilimwonyesha kwamba breki zake ni nzima ila zinahitaji mguu mzito, au zinafifia kidogo akiwa na mzigo.

Njia ya tatu: breki za gari la baadaye la ukoo uleule

Watengenezaji wenyewe waliendelea kuboresha magari yao, na mara nyingi sehemu za toleo la baadaye hukaribia kuingia kwenye toleo la zamani. Mfano ulio wazi ni wa Land Rover: zile za matoleo ya Series, zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985, zilikuwa na dramu kwenye magurudumu yote manne, na diski za mbele zilikuja na toleo la One Ten la 1983, ilhali Range Rover, gari jingine la kampuni hiyo, ilikuwa na diski pande zote nne tangu 1970. Katika koo nyingine hatua ilikuwa kutoka diski bapa kwenda diski yenye nafasi ya hewa, pamoja na kalipa pana zaidi ya kuikumbatia.

Hii ndiyo njia yenye mavuno mazuri zaidi kwa upande wa joto ukilinganisha na hatari yake, kwa kuwa sehemu zote zilibuniwa kwa gari la uzito unaokaribiana, na hupatikana popote gari lile la baadaye linapotumika. Katika matope na maji, diski hujisafisha na kukauka haraka kuliko dramu, na mwendo wa kinyumenyume hushika sawasawa na wa mbele. Lakini "kukaribia kuingia" si kuingia. Wakati mwingine lazima kubadilisha habu, au kichwa kizima cha ekseli kinachogeuza gurudumu; wakati mwingine kalipa hugusa rimu ya inchi 15 na kulazimisha rimu ya inchi 16. Pima kwa rimu yako halisi kabla ya kununua, kwani rimu mbili za inchi 15 zinaweza kuwa na maumbo tofauti ndani.

Sehemu ngumu iko kwenye majimaji. Diski haijikazi yenyewe kama kiatu cha dramu, hivyo inahitaji shinikizo kubwa zaidi, na gari la dramu lisilo na busta likipewa diski bila busta huwa na pedali nzito inayotisha. Masta silinda ya dramu mara nyingi ina valvu ndogo ya kubakiza shinikizo ndani ya bomba ili viatu visirudi mbali. Ikiachwa kwenye njia ya diski, pedi zitasugua muda wote na diski itachemka ukiwa barabara tambarare. Tena, pistoni kubwa zaidi za kalipa zinadai mafuta mengi zaidi, na masta silinda ndogo hulipa deni hilo kwa pedali inayoshuka chini. Mtu akiweka masta silinda kubwa ili kuinyanyua pedali, hupoteza upande mwingine: kutoka kipenyo cha milimita 22.2 kwenda 25.4, eneo huongezeka kwa asilimia 31, na shinikizo kwa mkanyago uleule hupungua kwa karibu robo. Busta kubwa zaidi huenda ikafidia. Ndiyo sababu ushauri wangu ni kuchukua kalipa, diski, masta silinda, busta na valvu za gari moja, kama kundi lililokwisha kuelewana, kuliko kuokota kimoja hapa na kingine pale.

Kama gari lina mfumo wa njia moja ya majimaji, ambapo mpira mmoja ukikatika breki zote hupotea, wakati wa kubadili kwenda njia mbili ni huu. Kwangu hilo lina uzito kuliko ukubwa wa diski.

Vipuri vilivyotumika vinaruhusiwa kwa sharti la kufunguliwa na kuwekewa sili mpya, na diski na mipira iwe mipya daima. Njia hii inamfaa mwenye gari la dramu au diski bapa anayesafiri na mzigo au kushuka milima, aliye na fundi mvumilivu na muda wa kujaribu.

Njia ya nne: seti kamili ya breki kubwa

Seti hizi huja na diski pana, kalipa za pistoni nne au sita, vishikizo vya kuzifunga kwenye ekseli, pedi na mipira. Nguvu ya breki kwenye diski huongezeka sambamba na umbali wa pedi kutoka katikati ya gurudumu, hivyo diski ambayo pedi zake zimesogezwa nje kwa asilimia 10 hutoa asilimia 10 zaidi kwa shinikizo lilelile. Hilo lina maana halisi kwa mwenye tairi kubwa: kutoka tairi ya kipenyo cha inchi 29 kwenda inchi 33, breki lazima zitoe karibu asilimia 14 zaidi ili tu kubaki zilipokuwa.

Wingi wa pistoni hueleweka vibaya. Kalipa inayoteleza yenye pistoni moja ya milimita 60 ina eneo la sentimita za mraba 28.3. Kalipa ya pistoni nne za milimita 43, mbili kila upande, huhesabiwa upande mmoja tu, nalo ni sentimita za mraba 29. Nguvu ya kubana, basi, inakaribiana. Kinachopatikana ni pedi ndefu inayobanwa kwa usawa, kalipa isiyopinda sana, na kutokuwepo kwa pini za kuteleza zinazoshika kutu.

Kwa joto, njia hii haina mpinzani. Kwa uwiano, ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote, hasa seti inapouzwa bila maelezo ya masta silinda na breki za nyuma zinazoambatana nayo. Na gari lenye ABS liguswe tu kwa seti ambayo mtengenezaji wake ametamka wazi kwamba inaendana nayo. Kwa matope, kagua kama pistoni zina vifuniko vya vumbi, kwani baadhi ya kalipa zenye asili ya mashindano hazina, na mchanga utaziharibu sili. Rimu kubwa zaidi ni karibu lazima, na rimu kubwa maana yake ni tairi yenye ubavu mfupi, jambo linalowaudhi wanaopunguza upepo wa tairi kwenye mchanga.

Vipuri ndiyo shaka ya mwisho. Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji namba ya pedi, ya diski na ya sili, na uhakikishe kwamba kila moja hupatikana kwa wauzaji wengine. Seti ambayo pedi zake hutoka mlango mmoja tu huweza kukulaza njiani kwa wiki kadhaa. Kishikizo cha kalipa ni sehemu ya uhai wako. Kisichonyooka au kilichochomelewa mtaani kisikubaliwe kwa bei yoyote. Inamfaa mwenye gari lililobadilishwa sana, lenye injini yenye nguvu kuliko ya awali, au linalovuta tela zito mara kwa mara.

Yanayohusu njia zote

Ukiamua njia yoyote, usipulize vumbi la breki za zamani kwa kompresa, kwani viatu na pedi za miaka ya nyuma zilitumia asbesto. Lowesha, futa, na uvae barakoa. Pedi na diski mpya zizoeshwe kwa kupunguza mwendo mara kumi au zaidi kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa bila kusimama kabisa, kisha uendeshe taratibu zipoe. Angalia pia kama sheria za mahali ulipo na bima yako zinadai mabadiliko ya breki yatangazwe au yakaguliwe, hasa kwa njia ya tatu na ya nne.

Uchague vipi kwa hali yako

Ikiwa hujui breki zako zilifanyiwa nini mara ya mwisho, anza na njia ya kwanza, hata kama umekwisha kuipenda ya nne. Zile sili, mipira na busta utazihitaji kwa vyovyote, na baada ya hapo utajua kama bado kuna pengo.

Ikiwa breki ni nzima, tairi ni za ukubwa wa kawaida au zimezidi kidogo, na unachotaka ni mguu mwepesi na pedali thabiti, njia ya pili itakutosha. Kama bajeti haitoshi vyote kwa pamoja, fanya mafuta kwanza, kisha pedi, kisha mipira, na diski mwisho, isipokuwa diski ziwe zimekwisha unene au mipira imepasuka, kwani hapo hizo ndizo za kutangulia.

Ikiwa gari lina dramu mbele na unalitumia katika barabara za mwendo kasi au milimani, njia ya tatu ina haki ya kufikiriwa kwanza. Lakini kama gari hilo hutembea polepole shambani na kurudi, dramu zilizorejeshwa na kurekebishwa kila mara zitakuhudumia, na fedha iliyobaki itumie kuweka njia mbili za majimaji.

Ikiwa una tairi za inchi 33 au zaidi, gari limejaa vifaa na breki hufifia kwenye miteremko hata baada ya pedi na mafuta mapya, linganisha njia ya tatu na ya nne kwa maswali mawili: je, rimu zangu zinaruhusu, na pedi nitazipata wapi nikiwa mbali? Kama toleo la baadaye la gari lako lilikuwa na diski za hewa zinazoingia, njia ya tatu kwa kawaida hujibu maswali hayo vizuri zaidi. Kama ukoo wa gari lako haukuwahi kupata breki za kutosha, au uzito umepita wa toleo lolote la kiwandani, basi seti kubwa ndiyo inayobaki. Nunua ile ambayo mtengenezaji wake anataja masta silinda anayoishauri, na siku ileile utakapoifunga rekebisha breki za nyuma na mkono wa valvu ya mzigo.

Na ikiwa breki hufifia unaposhuka tu, gari likiwa la uzito wa kawaida, jaribu kwanza mteremko uleule kwa gia moja chini zaidi ya uliyoizoea, ukikanyaga breki kwa vipindi vifupi vya nguvu na kuziachia zipoe. Kama pedali itabaki juu hadi bondeni, unachohitaji kununua kwa sasa ni mafuta mapya ya breki.